Mvi za Tarishi Ado

Ado Jirma alikuwa tarishi katika ofisi moja ya mifugo mjini Isiolo. Kazi yake ilikuwa kubeba barua kutoka mjini hadi karantini, mahali ambapo ng'ombe wa wafugaji walizuiliwa na kupimwa kabla ya kupelekwa kuuzwa. Alikwenda kwa miguu, mfuko wa turubai begani, na sikuwahi kusikia kwamba barua hata moja ilipotea mikononi mwake. Watu kama hao hawaandikwi. Namwandika kwa sababu ya jambo nililomtendea mwaka wa 1966, na kwa sababu siku hizi watu hunisifu kwa msimamo wangu, nami huona haya.

Mimi ndiye niliyekuwa karani wa ofisi hiyo. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, kijana wa kutoka Meru kwa jina Kaburu, shati jeupe na kalamu mbili mfukoni.

Mwaka mmoja kabla ya hapo ilikuja fomu. Kila mfanyakazi aandikwe umri, na aliyepita miaka hamsini na mitano aende nyumbani. Watu wa rika la Ado hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Mwaka wao ulikuwa wa ukame fulani, au wa maradhi fulani ya ng'ombe. Mkubwa wetu akasema umri ukadiriwe kwa macho, karani aandike. Basi macho yakawa yangu.

Ado alikuwa mkakamavu, mwili umekaza kama kamba, uso hauna mikunjo. Lakini kichwa na ndevu vilikuwa vyeupe pe. Mifugo yake ilikuwa imekwisha kwa sababu ya vita vya shifta, wale waasi wa kaskazini, na watu saba walikula kwa mshahara ule.

"Kaburu," aliniambia, "hiyo karatasi inauliza nini?"

"Umri wako, mzee."

"Wewe unaona ngapi?"

"Naona sitini."

"Basi leo usiangalie. Angalia Jumatatu."

Aliniomba nimnunulie piko dukani, ile rangi nyeusi ya nywele, maana yeye angeonekana na wenzake wa msikitini. Nikanunua. Jumatatu akaja na kichwa cheusi kama tako la sufuria, ndevu vilevile. Nilicheka mpaka nikashika meza, kisha nikaandika arobaini na sita. Niliandika uongo kwa mkono wangu nikijiona nimetenda wema.

"Tangu leo usiniite mzee hapa ofisini," akaniambia.

Mtaani kwake Chechelesi hawakumwonea huruma. "Ado, mama yako hajambo?" wazee walimuuliza. "Tumesikia umezaliwa juzi." Msikitini aliambiwa kwamba hina inakubalika, mtu akitaka kupaka, ila kuzigeuza mvi kuwa nyeusi ni kuwadanganya watu. Kwenye mabaraza walikoma kumuuliza neno, akawa anaketi nyuma pamoja na vijana. Kila baada ya wiki mbili, Jumapili, alipaka tena ili weupe usichungulie kwenye mashina.

Ndipo akaja Duba. Alikuwa mtoto wa dada yake Ado, kijana wa miaka kumi na tisa, ametoka kwao Biliqo kumtafutia mama yake dawa. Hakuwa na kipande, yaani kitambulisho. Jumatano moja askari walizunguka Chechelesi, wakachukua vijana kumi na wanne, na Duba akawa mmoja wao. Waliwekwa ndani ya ua wa waya karibu na Kiwanjani. Ofisa wao akatangaza kwamba Jumamosi asubuhi kila kijana adhaminiwe na mzee wa ukoo wake. Mzee kabisa, alisema, mwenye mvi, kwa sababu vijana walikuwa wakidhaminiana wao kwa wao. Ambaye hangepata mzee angepandishwa lori na kupelekwa mbali, na hakuna aliyejua waliopelekwa huko wangerudi lini.

Katika mji mzima Duba hakuwa na mzee mwingine ila Ado. Na Ado alikuwa amepaka piko Jumapili iliyopita.

Alhamisi alinijia na mkewe, Abiba. Abiba alikuwa na maneno makali, na siku hiyo hakuyafunika.

"Mwambie anyoe," akaniambia, kana kwamba mumewe hayupo.

"Kichwa kilichonyolewa hakina umri," Ado akasema. "Kijana ananyoa, mzee ananyoa. Huyo afande anataka kuona mvi."

"Alikuwa nazo, Mungu alimpa bure. Sasa anazitafuta kama mbuzi aliyepotea." Akamgeukia mumewe. "Baba Dokata, nenda ukamwambie yule mtu kwa mdomo wako kwamba ulipaka rangi!"

Ado alitazama chini. Nilimwelewa. Kusema kwa mdomo mbele ya wazee wale, na habari ifike ofisini, ilikuwa kujivua nguo. Alitaka nywele ziseme kwa niaba yake. Nami sikutaka aseme, kwa sababu mkono ulioandika fomu ulikuwa wangu. Kwa hiyo nikampeleka kwa dobi.

Dobi huyo, Ntongai, alifua sare za watu wa serikali. Alikuwa na unga wa kuondolea rangi, kwa ajili ya nguo nyeupe zilizochujiwa na nyekundu. Alishika ndevu za Ado akazisugua kwa vidole kama anayechagua kitambaa.

"Itatoka," alisema. "Lakini nisikilizeni, maana hapa ndipo watu wanakosea. Huu unga hauui rangi, unailaza tu. Bado imo ndani ya nywele, imelala. Usipoiosha yote ikaenda na maji, upepo unaiamsha. Nimeona shati limetoka jeupe, nikalianika, saa sita lina madoa yaleyale. Suuza mpaka maji yatakayodondoka uweze kuyanywa. Kisha suuza tena. Madebe sita."

"Sita?" Ado akauliza. "Ya kichwa kimoja?"

"Sita, mzee. Hata saba."

Ado akanitazama kama mtu aliyeambiwa achinje ng'ombe ili apate mkia. Sisi tuliotoka milimani, mito hupita nyuma ya nyumba. Hatukujua maji ni nini. Wakati ule wa amri ya kutotoka nje bomba la mtaa lilifunguliwa kwa muda wa saa mbili tu kwa siku, na foleni ya madebe ilianza kabla halijafunguliwa. Aliyelelewa na visima vya Biliqo haoni maji yakimwagika bila moyo kumuuma. Kwao mtu anayemwaga maji hovyo ni mpumbavu, au ana laana.

Jumamosi alfajiri, baada ya sala, Ado alipaka unga ule uani kwake, ukinuka kama yai bovu. Baadaye Abiba alinisimulia jinsi ilivyokuwa. Alimpangia madebe sita, matatu ya kwake na matatu ya kuazima kwa jirani. Debe la kwanza likatoka kama chai ya rangi. La pili likatoka manjano. Katikati ya la tatu nywele zilikuwa nyeupe, weupe wa pembe ya ng'ombe mzee, na maji yakaonekana safi. Ado akainua mkono.

"Basi."

"Dobi alisema sita."

"Dobi ni mtu wa Meru. Hayo matatu rudisha kwa jirani, ana watoto. Nywele si umeziona? Ni nyeupe."

Abiba alirudisha maji. Aliniapia kwamba hata yeye aliona ni haki.

Ofisa alikuwa ameomba karani wa kuandika majina, na mimi nilitumwa. Niliketi kwenye meza ndogo karibu na geti la ua. Wazee walipanga mstari kwenye jua, kofia mkononi, maana ofisa aliagiza vichwa viwe wazi. Ado alifika saa mbili, na moyo wangu ukatulia, maana kichwa chake kiling'aa. Mzee aliyekuwa mbele yake aligeuka akamwambia, "Ado, karibu nyumbani." Hiyo ndiyo salamu ya kwanza ya heshima aliyopewa kwa mwaka mzima. Nilimwona akinyoosha mgongo.

Mstari ulikwenda polepole. Saa tatu nilipoinua macho, weupe ulikuwa umeingia kutu. Nikafikiri ni vumbi. Saa nne nywele zilikuwa kahawia. Ado mwenyewe hakuona. Mtu hajioni kichwa. Aliona tu wazee wakimkwepa kwa macho. Yule aliyemkaribisha nyumbani alisogea hatua moja mbele, akaacha nafasi kati yao. Zamu yake ilipofika, kichwa kilikuwa cheusi chenye mabaka, na ndevu vilevile.

Ofisa alimtazama, akamtazama Duba aliyesimama nyuma ya waya.

"Nimesema mzee. Huyu ni nani?"

"Mimi ni mjomba wake," Ado akasema. "Mzee wake."

"Mzee wa nywele nyeusi." Askari wakacheka. Ofisa akanigeukia. "Karani, unamjua?"

"Ndiyo, afande. Ni tarishi wetu."

"Ana umri gani?"

Nilijua jibu. Ningesema sitini, ningeulizwa kwa nini fomu inasema vingine. Nikajibu, "Kwa fomu ya ofisi, afande, ni arobaini na saba."

Sikumtazama Ado. Nilimsikia akivuta pumzi. Nyuma ya waya Duba aliita mara moja, "Abuya!", neno lao la kumwita mjomba.

"Hiyo fomu ni uongo," Ado akasema kwa sauti, na wazee wote walisikia. "Nilipaka rangi nisifukuzwe kazi. Leo nimejaribu kuitoa, imerudi. Mimi ni mzee. Nimedanganya serikali, na hawa wazee pia nimewadanganya."

"Na nani aliandika?"

"Karani hana kosa. Mimi ndiye niliyemwambia idadi."

Ofisa akapata mzaha. "Nyinyi si watu wa mifugo? Ng'ombe akija bila karatasi mnajuaje umri wake?"

Akajijibu mwenyewe, "Kwa meno. Karani, mtazame."

Nikasimama. Ado, aliyekuwa na umri wa baba yangu, aliweka kofia chini, akainua uso, akafungua kinywa mbele ya wazee wenzake, mbele ya mtoto wa dada yake, kama fahali kwenye karantini. Meno ya mbele yalikuwa yamelika mpaka karibu na ufizi. Mawili hayakuwapo.

"Ni mzee, afande," nikasema.

Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ile ya piko kumwita hivyo.

Ofisa akacheka, akapiga muhuri. Duba alitoka. Jumatatu iliyofuata Ado alileta sare yake imekunjwa vizuri, mfuko wa turubai juu yake, kabla hajaambiwa aache kazi. Mkubwa aliniuliza juu ya fomu, nikasema mzee alinidanganya. Nilibaki kazini. Baadaye nilikwenda chuoni, nikapata diploma, na huko nilifundishwa somo zima kuhusu uadilifu wa mtumishi wa umma, nikapasi vizuri.

Ado aliishi miaka tisa zaidi. Alinyoa, mvi zikaota nyeupe, wazee wakamrudishia mahali pake mbele. Tulikutana mara nyingi sokoni. Alinisalimu siku zote, akauliza habari za nyumbani, wala hakuligusa lile jambo. Lakini kila aliponiona nakuja alivuta ncha ya shuka akafunika mdomo, na akizungumza nami alizungumzia ndani ya kitambaa. Kwa wengine aliufunua.