Mstari Moja ya Mama

Nzigire, mwenye banaita Mama Elisée pale West Side ya Buffalo, eko na kazi ile batu banakataa kuamini: anafunga waya za satelite. Eh, satelite kabisa! Si ile sahani ya televizyo juu ya nyumba. Ni mashini ndogo, ukubwa wa mikrowevu, inazunguka kule juu na kuangalia chini. Serikali inataka zikuwe tayari kwa sanduku, juu siku adui akiharibu zile kubwa, hizi zipande mbio, jeshi na batu ya kuzima moto basibakie vipofu.

Kwanza alikuwa Louisville, kule Shively, anapanga makartoni miaka sita. Buffalo njo balimufundisha kufunga: uzi yenye nta, fundo karibu-karibu, waya zisicheze roketi ikitingishika. Batu mbili tu njo balikuwa na ruhusa ya kufunga, na mwenzake alikuwa ametoka kuzaa juzi.

Bon. Siku ya Jumanne zoezi ikaanza, ile ya serikali kupima kama bataweza mbio. Amri imetoka: mubadilishe kamera, mufunge waya upya, Ijumaa saa sita mchana satelite ikuwe ndani ya ndege ya kuipeleka kwa roketi. Nzigire anafika na chakula yake kwa mfuko, sombe ya majani ya muhogo, anagusisha beji, geti inawaka nyekundu. Mlinzi anamwambia apite ofisi ya usalama.

Bosi wa usalama, mzungu mrefu, akaweka karatasi mbili kwa meza. Moja ya Louisville, ile siku balifika hii inchi kama bakimbizi: mama, Clémence, alikufa. Ingine ya hii kazi: mama, Leya, anakaa Columbus.

"Mama yako ni nani?"

"Bote."

"Mtu eko na mama moja. Ulidanganya serikali fasi gani, hapa ao kule?"

Kichwa ya Nzigire ikawaka. Clémence alikufa Nzigire akiwa na mwezi tatu. Leya, dada mkubwa wa Clémence, akamunyonyesha pamoja na mtoto wake, titi hii wake, titi ile Nzigire. Vita ikakuja, akamubeba kwa mugongo mpaka ng'ambo ya mpaka. Ule unamuita nani? Kule Louisville mkalimani aliuliza mwenye alimuzaa. Hapa hakuna mwenye aliuliza kitu. Fomu iko na mstari moja, akaandika mama mwenye eko hai.

Bosi akasukuma karatasi ya tatu. "Andika Leya ni tante tu, dada ya mama, ulikosea. Weka sahihi, unaingia."

Mutuku, injinia Mkenya, akakuja mbio. "Mama Elisée, please, sign tu. Hiyo ni karatasi. Hii kitu lazima itoke Friday!"

"Weye Mutuku, bakikuambia andika mama yako ni jirani, utaandika?"

"Kwani atajua?"

"Wangu atajua!"

Akapiga simu Columbus. Leya akasikia yote, akacheka. "Andika, mtoto wangu. Andika hata mi ni mbuzi, ulinde kazi."

Ile kicheko njo ilimuchoma zaidi. Mwanamke mwenye alitembea vile yote, leo anakubali kuwa mbuzi juu ya karatasi ya mtu! Nzigire akatupa beji kwa meza, akatoka, akapanda basi.

Jumatano Mutuku anapiga, Nzigire anamuuliza: "Karatasi iko na mstari ngapi?" "Moja." Anakata. Alhamisi, vile vile. Anasugua sufuria mpaka inalia. Bwana yake Balagizi anajaribu: "Lakini, chérie..." "Nyamaza!"

Ijumaa saa sita ikapita. Satelite ilikuwa kwa meza bado, tumbo wazi, waya zinaning'inia. Zoezi ikaanguka. Nzigire hakufurahi hata kidogo. Nusu ya zile fundo ni mukono yake, na ilimuuma kujua zimebakia vile, na alimukasirikia yule bosi juu ya ile pia.

Siku ya Jumatatu bosi mwenyewe akamuita, bakubwa yake bamemukaripia juu ya zoezi. Fomu mpya: mama mwenye alimuzaa, mstari, mama mwenye alimulea, mstari. Nzigire akasoma amesimama.

"Pole sana," bosi anasema.

"Si kwangu." Akamupa simu, Leya eko kwa laini, amesomewa ile fomu, Mutuku anatafsiri na jasho inamutoka.

"Pole sana, madame," bosi anasema.

Leya akajibu kitu, mrefu. Mutuku akakohoa. "Anasema yeye si madame wako. Anasema hapa kazini unajua vile anaitwa, ile neno umeandika mwenyewe kwa mstari ya pili."

Bosi akaangalia mlango. Hakuna mwenye anamuokoa.

"Mama," akasema, sauti ndogo.

"Hajasikia," Nzigire anasema, mukono kwa kiuno. "Sema tena."

Akasema tena.