Kirungu Nilichokwenda Nacho Kuposa

Mimi ndiye yule mshenga mnayemsikia, aliyekwenda Mlingotini kumposea mpwa wake akiwa na kirungu cha polisi kwenye mfuko wa kanzu, na najua nyote mnaipenda hadithi hii maana nikipita sokoni watu hunyamaza ghafla, kisha nikishawapa mgongo nasikia kicheko. Aibu nimekwisha ipata, hilo halina ubishi. Ila bora niisimulie mwenyewe, kwa sababu huko ilikofika imetiwa chumvi mpaka inadaiwa nilimpiga mzee wa watu (sikumpiga, alianguka mwenyewe, ingawa kwa msaada wangu).

Mambo yalianza na woga, tena woga wa kuazima, maana mimi sijawahi kuibiwa hata ndala msikitini. Aliyeibiwa ni jirani yangu Kombo, kijana wa pikipiki alimpora simu njia ya Kaole, na kila jioni akikaa barazani kwangu kusimulia, mwizi mmoja akawa wawili, wawili wakawa wanne wenye mapanga, mpaka mimi nikaanza kufunga duka langu la vyombo jua likiwa bado linawaka. Nikasema hapana, mwanamume lazima awe na cha kujihami.

Nikaenda Kariakoo. Muuzaji, kijana mwenye maneno kama dalali, akanipangia mezani virungu vya kuchomoka, vile ambavyo vikifungwa vinaenea kiganjani na ukikung'uta mkono vinachomoka vipande vitatu kama antena ya redio. Kulikuwa na kifupi chepesi, na cha kati chenye kitufe, na kirefu cha chuma, kizito, kisicho na kitufe chochote. "Mzee, chukua hiki cha kati," akaniambia, "ukimaliza kazi unabonyeza, kinarudi. Hicho kirefu hakifungiki mpaka ukigonge ncha yake kwenye kitu kigumu, sakafu au lami." Mtu mwenye akili zake angesikiliza. Mimi nikaona kitufe ni mambo ya miavuli, nikachukua kirefu (haya, kosa lenyewe ndilo hilo, mengine yote yalijileta).

Nyumbani nikawa najifunza mbele ya kioo. Mke wangu, Mwanahawa, akanitazama weee, kisha akauliza, "Baba Zuhura, huyo mwizi utamwambia asubiri uvae miwani kwanza?" Na kila nikitaka kukifunga nakigonga chini, ta!, mpaka saruji ya baraza ikaanza kubanduka, ndipo nikafukuzwa nikagongee barabarani.

Sasa posa. Mpwa wangu Idrisa, mtoto wa marehemu dada yangu, nimemlea tangu anatambaa. Alimpenda Rukia wa Mlingotini, naye Rukia alimtaka, lakini neno la mwisho lilikuwa la babu yake, Mzee Shomari, ambaye alikwisha rudisha posa mbili. Si kwa ubaya. Mjukuu wake mkubwa aliozwa kwa mtu mwepesi wa mkono, akarudi nyumbani amevunjwa mfupa, na tangu hapo mzee aliapa kwamba Rukia hatamtoa kwa mtu mwenye dalili ya ukorofi, yeye wala ukoo wake. Asubuhi ya siku ile Idrisa aliniambia, "Mjomba, nikikataliwa hapa sijui nitafanya nini." Nikamwambia aniachie mimi. Na mimi huyohuyo, nikivaa kanzu, nikafikiri huenda maongezi yakatuchelewesha mpaka magharibi, nikatia kirungu mfukoni.

Tulikwenda mimi na Kombo kwa bajaji, ikatushusha barabarani, tukashika kijia cha mchanga kwenda kwa wenyewe. Tumeshaikaribia nyumba nikasikia nyuma yangu vishindo vya mtu anakuja mbio. Sikungoja kugeuka. Nilichomoa, nikakung'uta, kikalia kraa!, ndipo nikageuka. Alikuwa beberu. Akasimama, akanitazama, akatafuna alichokuwa akitafuna, akapita zake.

Kilichobaki ni kukifunga. Nikakigonga chini, mchanga. Nikagonga tena kwa nguvu, kikazama kama ninachimba mihogo. Kombo, badala ya kunisaidia, akawa anacheka mpaka kofia ikamdondoka, na kicheko chake ndicho kilichomtoa nje Bwana Hamadi, baba yake Rukia. "Karibuni, karibuni wageni!" Mfukoni hakiingii, kukitupa siwezi, mwenye nyumba huyo anakuja na mikono yake miwili imekunjuliwa, basi nikakiegemea kama bakora.

Sasa kirungu kile kilikuwa kirefu kuliko vyote pale dukani, lakini kwa bakora ni kifupi mno. Ili kifike chini ilibidi niiname, na hivyo ndivyo nilivyoingia nyumbani kwa watu, mkono mmoja kiunoni, natoa salamu huku natazama vidole vyao vya miguu.

"Maskini! Mgongo?" Hamadi akauliza.

"Mgongo," nikasema.

Mnajua adabu yetu, mgeni hupokewa alichobeba. Hamadi akanipokea bakora yangu, akaiegemeza ukutani kando ya bakora ya baba yake, mimi nikawekewa mito miwili, na wanawake wakatoa ndani chupa ya mafuta ya karafuu. Nilimwamkia Mzee Shomari, "Shikamoo mzee," akaitikia, "Marahaba mwanangu, pole sana," kisha yeye mwenyewe, kikongwe wa watu, akanieleza namna ya kujisugua kabla ya kulala. Nilitamani ardhi ipasuke.

Lakini maneno ya posa niliyasema vizuri, wallahi niliyasema vizuri, hata Kombo alishangaa. Mzee akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Mwisho akauliza lililokuwa moyoni mwake, "Huyo kijana wenu, hasira zake zikoje?"

"Mzee wangu," nikajibu, "kwangu haijawahi kuinuliwa hata fimbo."

Hapo hapo ikaadhiniwa alasiri. Mzee akainuka akatawadhe, akanyoosha mkono ukutani akachukua bakora iliyokuwa karibu. Yangu. Nikataka kuinuka nimwahi, nikakumbuka mgongo wangu unauma. Mzee ni mfupi, tena yeye kapinda kweli, kwa hiyo kilimkaa sawasawa. Akakitazama, akasema, "Kumbe za chuma nazo zipo siku hizi," akakiegemea kwa uzito wake wote juu ya sakafu ya saruji.

Ta! Kikajifunga chote. Mzee akaenda nacho chini, na mimi, mgonjwa wa mgongo, niliruka sinia la visheti, nikampita Hamadi, nikamdaka mzee kabla kichwa hakijafika sakafuni (makalio yalikwisha fika). Alhamdulillahi hakuumia. Ila mimi sasa nilikuwa nimesimama wima katikati ya chumba, nimenyooka kama nguzo, na kila mtu anautazama mgongo wangu.

Hamadi akakiokota, akakigeuzageuza, akakikung'uta. Kraa! Ndani wanawake wakapiga ukelele, na nyuma ya pazia nikasikia sauti ya msichana, "Yarabi, basi tena," nikajua ndiye Rukia.

Mzee alikuwa bado amekaa chini. "Mwanangu," akasema polepole, "umeingia kwangu na rungu. Umekuja kumpiga nani?"

Hakuna aliyecheka. Nikamtazama Kombo aniokoe, Kombo akasema, "Mimi nilimkataza" (hakunikataza, mwongo mkubwa!). Nikaona mimi uongo umeniishia, nikasema kweli yote, kwamba nilikinunua kwa kuogopa wezi, na pale nje nilimchomolea beberu.

"Beberu yupi?"

"Mweupe, pembe moja imekatika."

"Yule wa watoto?" Hamadi akadakia. "Wanayempanda mgongoni?"

Nikasema ndiye.

Tuliondoka bila jibu, na kirungu tulikiacha huko, nani angethubutu kukidai? Siku zilizofuata Idrisa alikuwa akiniamkia, "Shikamoo mjomba," basi, haongezi neno, anakula anatazama sahani. Vicheko vya sokoni nilivizoea upesi. Ukimya wa mtoto yule uliniumiza, nikikumbuka dada yangu aliniachia nani.

Kisha Hamadi akaja dukani. Nikadhani kaja kunirudishia kirungu, nikaanza kumwomba radhi kabla hajakaa, akanikatiza, "Baba amekubali."

Nikamwomba arudie.

"Anasema mtu anayemwogopa mbuzi wa watoto hana mkono wa kupiga mke wa mtu wala wake, na kijana aliyelelewa na mtu huyo hamwogopi. Anasema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na kilio kwetu kimeshaingia mara moja. Safari hii anataka kicheko."

Nililia, sifichi, mbele ya masufuria yangu. Basi naapa, silaha sitanunua tena maishani, iwe ndefu iwe fupi. Nilitoa fedha zangu ili watu waniogope, kumbe mtoto wangu angepata mke kwa kuwa mimi naogopa. Siku hizi tukienda Mlingotini, Mzee Shomari hunishika mkono na kunitambulisha kwa wageni wake, "Huyu ndiye mwoga wetu," kwa sauti ileile ambayo wengine humtajia haji, nami naitika.