Feruzi Njia

Umewahi kumpisha mtu kwa hofu, halafu ukajiambia kuwa umemheshimu? Mtaani kwetu watu wazima hufanya hivyo kila siku, na wanayempisha ni Feruzi, mwenyekiti wa tawi la chama.

Zamani Feruzi alikuwa hamali. Yeye na mwenzake Miraji walikuwa na rikwama moja, Feruzi anavuta mbele na Miraji anasukuma nyuma, wakipeleka magunia ya mchele kutoka bandarini mpaka madukani Hurumzi na Mkunazini. Vichochoro vile havitoshi rikwama na watu, kwa hivyo aliye mbele lazima apige kelele. "Njiaaa!" Sauti ya Feruzi ilikuwa ikitangulia mbali, wanawake wakajibana ukutani na wazee wakanyanyua miguu barazani. Ndiyo akaitwa Feruzi Njia. Yeye Mzaramo na Miraji Mnyamwezi, basi ilikuwa utani kutwa. Miraji alikuwa akimuahidi kwamba siku atakapokufa atamnyang'anya sanda aishonee kanzu ya sikukuu, na Feruzi alikuwa akicheka mpaka anakaa chini.

Usiku wa Mapinduzi Feruzi alikuwa na homa. Alilala kwa Miraji, na mke wa Miraji, Bi Mwatima, ndiye aliyemnywesha uji. Bi Mwatima mwenyewe alinihadithia. Baada ya hapo ikaja mikutano, watu wakafurika, na viongozi wakakosa pa kupita. Feruzi akapiga "Njiaaa!" na umati ukapasuka. Kutoka siku ile akawa anawatangulia wakubwa. Watu walipomwona mbele yao wakaanza kusema kuwa naye alikuwako usiku ule. Mmoja akasema alimwona na panga, mwengine akaongeza bunduki. Feruzi hakudai kitu wala hakukanusha. Alinyamaza, na kunyamaza kukampa cheo.

Nilipotoka chuoni nikaja kusomesha, nilimkuta ana ofisi, na hakuna fleti mpya inayotolewa kwa mtu wa mtaa wetu bila ya neno lake. Nyumba ya Miraji ilikuwa imebomolewa kupisha majumba ya Michenzani, na yeye na mkewe wamejibana katika banda la uani kwetu, wakingojea fleti waliyoahidiwa. Bi Mwatima magoti yalikuwa hayamwezi tena kwa kufuata maji. Akikuona, hadithi yake ni moja: mfereji wa kufungulia maji ndani ya nyumba.

Jumapili moja tulikuwa Michenzani kwenye kazi ya kujitolea, ile ambayo asiyejitolea huulizwa kwa nini. Feruzi alikuwa akihutubia, amesimama juu ya ubao ambao ndio njia ya matoroli. Miraji akaja na toroli la mchanga, jasho likimtiririka, akasahau tuko mwaka gani.

"We Njia! Sogea, mtani, kabla sijakupakia! Au sanda ushanunua?"

Watu wakaangua kicheko. Feruzi alicheka kuliko wote, lakini macho yake yalikuwa yakipita uso hadi uso, yakiangalia nani anacheka.

Jioni Miraji akaitwa tawini. Aliniomba nifuatane naye. Feruzi alikuwa nyuma ya meza, na watu wawili wa tawi wamekaa pembeni. Miraji akavua kofia.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

Watu hawa ni marika. Hawakupata kuamkiana hivyo maisha yao. Nilingojea Feruzi aone haya, aruke kitini, amkataze.

"Marahaba," akaitikia. "Miraji, leo umeleta ukabila mbele ya wananchi."

"Ukabila? Mimi si mtani wako?"

"Hapa hapana Mzaramo wala Mnyamwezi. Hayo tushayazika. Au wewe umebaki nyuma?"

Maneno yale ni ya haki. Nayasomesha darasani na nayaamini mpaka leo. Ndiyo maana yaliniuma: yaliletwa yatukomboe, na Feruzi ameyafanya bakora.

"Mwenyekiti," nikasema, "ule ulikuwa mzaha tu."

"Mwalimu, wewe kasomeshe watoto. Hapa hapana watoto." Akamgeukia Miraji. "Tumekufikiria. Ziko eka tatu upande wa Chwaka. Lori linaondoka kesho asubuhi."

"Chwaka, kule kwenye mawe? Mimi jembe sijapata kulishika! Na fleti?"

"Fleti ya watu wa mjini. Wewe sasa mkulima. Hongera."

Wale wawili wakapiga makofi.

"Feruzi," Miraji akasema taratibu, "mfikirie Mwatima basi. Yule ndiye aliyekunywesha uji."

Feruzi akawatupia jicho wale wawili. "Uji gani? Siku gani?"

Miraji akamkazia macho. Neno lilikuwa mdomoni, nililiona.

"Nshasahau," akasema.

Njiani nikamuuliza kwa nini hakusema ni usiku gani. "Nikisema, mwalimu, ntayakosa hata hayo mawe."

Asubuhi ya pili yake niliwafuata. Miraji alikuwa ameazima rikwama, akapakia kitanda, masufuria na godoro, na juu ya godoro akamkalisha mkewe. Pale Darajani sokoni watu walikuwa wamejaa, na rikwama likakwama. Miraji alifungua kinywa apige kelele, sauti isitoke.

Hapo gari likasimama, akashuka Feruzi na suti yake safi. Akaenda nyuma ya rikwama, akaweka bega. "Njiaaa!" Sauti ile ile. Soko zima likapasuka.

"Mtazameni Mwenyekiti!" akasema muuza samaki mmoja. "Na cheo chote kile, hana makuu!"

"Ndo mana tukampenda," akajibu mwengine.

Wakampigia makofi mpaka kwenye lori. Bi Mwatima, juu ya godoro, alivuta buibui akajifunika uso.