Programu isiyokufa

Eti programu yake haifi!

Fundi wetu wa kompyuta, hapa Lalago, kaandika programu ya mizani ya kupimia pamba. Ina kosa: ikigusa sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta isiyo yake, mfumo wa kompyuta unaipa ishara ya hatari, inazimika.

Kutafuta kosa? Thubutu! Kaongeza kipande cha programu cha kuidaka ile ishara na kuiambia programu, "Endelea."

Leo ikaendelea kweli.

Ikarudi palepale kwenye kosa. Ishara. Endelea. Kosa lilelile. Kioo cha kompyuta kimeganda, foleni ya wakulima imefika barabarani.

"Lakini haijazima," anajitetea. Kifua mbele kabisa!

Mama mmoja aliyekalia gunia lake akamtazama. "Baba, ng'ombe akifa tunachuna ngozi. Huyu wako hafi, halimi."

Kama ofisini kwenu mnahitaji fundi, semeni. Nauli yake tutachanga.