Bega la Mukamusoni

Mukamusoni hakuogopa kufa. Aliogopa kuugua. Mlimani kwao, kule Rugerero, gari halifiki. Mgonjwa anashushwa hospitali mjini Gisenyi kwa ingobyi, kitanda cha kusukwa kinachobebwa mabegani na watu wanne. Na sheria yake iko wazi: nyumba isiyotoa bega isitegemee kubebwa. Sasa yeye, mjane aliyerudi peke yake kutoka Kongo mwaka wa 1996, mume kamzika huko, mtoto hakujaliwa hata mmoja, bega angelitoa wapi?

Alitoa lake. Jumapili moja baada ya misa alisimama mbele ya Valentin, mkubwa wa ingobyi, akasema atabeba. Wanaume walicheka mpaka wakashikana.

"Mama, hii ni kazi ya banaume!"

"Mi niko na bega mbili," akajibu. "Chagua moja."

Haya, wacheke! Wiki haijaisha, jirani yake Liliane akashikwa na uchungu, mtoto kakaa vibaya, na wanaume wengi wako sokoni Mahoko. Mukamusoni akaingiza bega chini ya mti wa ingobyi, njia yote ni utelezi, hakusema hata "ah". Mama na mtoto wakapona, na kicheko kikaisha. Baadaye alibeba wazee, akabeba watu wa malaria, akambeba hata Valentin na tumbo lake lile. Bega likaota sugu. Jioni alilipapasa, na wasiwasi haukumwacha: nikianguka mimi, watakumbuka? Asiye na mtoto atamlaumu nani?

Mwaka wa 1999 akateleza chemchemini, nyonga ikavunjika. Wakamlaza ndani kwake. Mara akasikia makelele uani, Valentin anafoka, wengine wanamjibu kwa hasira. Wanakataa, aliwaza. Basi, imekwisha.

Mlango ukafunguliwa. Mungu wangu, watu wamejaa mpaka migombani! Kumbe waligombania kubeba. Na wanawake walikuwemo, vitenge vimekunjwa begani, Liliane kang'ang'ania mti wa mbele, anamfokea Valentin: "Ondoka! Mimi ndiye alinibeba wa kwanza!"

Wakamwinua. Mukamusoni hakuwahi kulala humo. Ingobyi aliijua kwa chini tu, matope na visigino vya mtu wa mbele. Hakujua kwamba anayebebwa haoni njia. Anaona mbingu, pana ajabu, na vichwa vya watu vinavyopokezana pande zote. Alijaribu kuwahesabu akashindwa. Hawa wote ni wangu? Mwili ukamsisimka, hata maumivu akayasahau kidogo.

Penye mteremko mazoea yakamshinda. "Liliane, badilisha bega, utaumia!"

"Mama, nyamaza," Liliane akajibu akihema. "Leo we ni muzigo. Kazi yako ni kubebwa."