Dodoso Lililojibiwa kwa Heshima

Dodoso langu la kwanza nililitunga kwa majivuno. Maswali ishirini kuhusu namna wanafunzi wa chuo chetu, hapa Themi, wanavyoandika kazi zao: kama wanaandaa rasimu, kama wanairekebisha, kama wanaisoma kabla ya kukusanya. Mkuu wa chuo alitaka kujua kama kipindi changu cha uandishi kinasaidia au kiondolewe kwenye ratiba, na mimi nilikipenda kipindi kile kupita kiasi.

Majibu yakarudi mazuri ajabu. Karibu wote waliweka tiki kwenye "kila mara". Nikayapeleka mbio kwa mwalimu niliyekuwa nikikaa naye ofisi moja, mama mtu mzima wa huko juu Meru, ambaye nikijisahau humwamkia shikamoo hata mara mbili kwa siku. Akayapekua taratibu, akaniuliza nani aliwagawia. Nikamwambia ni mimi, darasani, nikiwa nimesimama mbele yao. Akacheka mpaka akavua miwani. Watoto waliozoea kusimama mwalimu akiingia, alisema, wataanzaje kumwambia usoni kwamba hawasomi walichoandika? Nilikasirika, ingawa nilijua anasema kweli.

Kesho yake akaingia nami darasani. Hakuhutubia. Alichukua dodoso tupu, akaandika ubaoni majibu yake mwenyewe, swali baada ya swali. Rasimu: haandiki kitu kabla hajakisema kwa Kimeru, peke yake, akimenya ndizi jikoni. Kuogopa kuandika: kila mara. Kisha akawagawia fomu mpya zisizo na majina, akaweka boksi mezani, akanivuta nje. Mimi nisingethubutu kufanya vile, na mpaka leo namheshimu kwa siku ile moja kuliko kwa vyeti vyake vyote.

Safari hii hawakutupamba. Wengi hawakuandaa rasimu kabisa. Mmoja aliandika pembeni kwamba harudii kusoma kazi yake kwa sababu anaona aibu kukutana nayo. Nikamwambia mama yule kwamba siwezi kuyapeleka haya kwa mkuu, kipindi changu kitakufa. Bora niwasilishe yale ya kwanza.

"Mwanangu," alisema, "hawa wamekuambia ukweli. Sasa wewe ukaseme uongo kwa niaba yao?"

Niliyapeleka. Muhula uliofuata kipindi hakikuwamo kwenye ratiba, nikalia, tena si kidogo. Jumatano ya kwanza, saa ileile niliyokuwa nikifundisha, wanafunzi saba walibisha hodi ofisini. Kila mmoja alishika karatasi zilizokatwakatwa kwa kalamu, mishale ikielekea kila upande, sentensi zimefutwa nusu. Nilikuwa nimefundisha uandishi miaka minne, na hizo ndizo zilikuwa rasimu za kwanza za wanafunzi nilizopata kuziona.