Mzee Pu na Dada Mwongozaji

Kwa miaka mingi Mou Suqiong aliishi kwa kuwatembeza watu wengine. Alfajiri alisimama mbele ya basi na bendera ya njano mkononi, kipaza sauti kiunoni. Jioni akawarudisha watu Chongqing wakiwa hoi, viatu vimejaa matope, mifuko imefura vitafunio vya kupelekea wajukuu. Leo mapango ya Wulong, kesho sanamu za Dazu, keshokutwa maji moto ya Beibei. Zilikuwa safari fupi, za kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Lakini sikukuu zilipofika safari zilifuatana bila kupumua, na sikukuu ndizo siku ambazo wenzake walikaa mezani na watu wao.

Mumewe, Pu Tingguang, alikuwa mchomeleaji kwenye karakana ya meli. Hakuwahi kupanda basi la mkewe hata mara moja. Alipika, akafua, akamlea binti yao Wen, na kila Suqiong alipoinama kufunga viatu mlangoni, alimwambia, "Nenda tu. Ukistaafu utanitembeza mimi."

Suqiong akastaafu. Kabla mwaka haujaisha, Tingguang akaanza kupotea. Mara ya kwanza alibandika sufuria tupu motoni, akakaa kuisubiri ichemke. Kisha siku moja alishuka ngazi kwenda kununua tofu, akakutwa kando ya mto akiwauliza wapita njia karakana imehamia wapi, na karakana yenyewe ilikuwa imebomolewa zamani. Daktari alimwambia Suqiong kwa upole kwamba maradhi hayo hayarudi nyuma, ila kutembea kungemtuliza mgonjwa.

"Basi tutatembea," Suqiong akasema. "Kazi hiyo naijua."

Walianza na gari la waya linalovuka Mto Yangtze. Tingguang alibandika paji la uso kwenye kioo kama mtoto, akatazama meli za mchanga kule chini.

"Ile nimeichomelea mimi!" akapiga kelele. "Na ile! Ile siyo. Ile imechomelewa vibaya."

Abiria walicheka, na Suqiong naye akacheka hadi machozi. Siku hiyo aliamini kwamba bado wana muda.

Wiki iliyofuata walikwenda mji wa kale wa Ciqikou. Watu walikuwa wamesongamana vichochoroni, moshi wa pilipili ukiwatoa chafya, na Suqiong, kwa mazoea tu, aliinua mwavuli wake juu ili mumewe asimpoteze. Tingguang alimfuata kwa utiifu, mikono nyuma. Walipotokea penye nafasi, Suqiong akamshika mkono. Mzee akautoa taratibu, kwa adabu.

"Samahani, dada mwongozaji. Mimi ni mtu mwenye mke."

Suqiong alidhani ni utani; Tingguang alikuwa mtu wa utani tangu ujana. "Enhe? Na huyo mkeo ni nani?"

"Anaitwa Suqiong. Anafanya kazi kama hii yako, labda mnafahamiana." Akageuka kutazama umati. "Angekuja, ila leo sikukuu. Sikukuu huwa hayupo."

Haikuwa sikukuu. Ilikuwa siku ya kawaida ya wiki, mawingu yametanda. Suqiong alifungua kinywa kumwambia, mimi ndiye, nitazame. Akaona jinsi uso wa mumewe ulivyotulia, jinsi anavyomwamini mgeni huyu mwenye mwavuli, akauinua mwavuli tena.

Tangu hapo Tingguang hakukubali kutoka na mtu mwingine ila mwongozaji. Mkewe akimwambia, "Twende tukatembee," alikuwa na wasiwasi, anauliza wanakwenda wapi na kwa nini. Suqiong alipovaa kofia yake ya kazi akasema, "Mzee Pu, basi linaondoka," alisimama mara moja, akavaa koti mwenyewe. Njiani alimsimulia mwongozaji habari za mkewe: jinsi alivyokuwa na sauti kubwa tangu usichana, jinsi anavyokula tambi za pilipili mpaka pua inatoka maji. Suqiong alisikiliza akiwa na haya kama binti anayechumbiwa.

Lakini hayakuwa hayo tu. Siku moja wakiwa wameketi juu ya Mlima Nanshan, jiji lote limefunikwa na ukungu chini yao, alisema, "Wen alipata homa kali akiwa mdogo. Nilimbeba mgongoni ngazi zote mpaka hospitali. Alikuwa anatetemeka. Nilidhani atanifia humo njiani."

Suqiong hakuwahi kuambiwa habari hiyo. "Na mkeo?"

"Alikuwa Wulong, anawaonyesha watu pango."

"Mbona hukumwambia?"

"Nimwambie ili iweje? Aache kazi? Aliipenda kazi yake." Akakwaruza goti kwa ukucha. "Watu wa mabasi yote hayo wanamfahamu kuliko mimi."

"Pengine alitamani kuwa nyumbani, Mzee Pu."

"Usimtetee," akajibu kwa ukali. "Wewe humjui."

Kurudi nyumbani ndiko kulikuwa kugumu. Tingguang hakutaka kuingia ndani na mwanamke asiye mkewe. Alisimama mlangoni, akamshukuru mwongozaji, akamuaga. Ikabidi jirani yao, Bibi Xiang, awe anampokea, na Suqiong angoje kwenye ngazi, avue kofia, abadilishe koti, ndipo aingie kama mke.

"Haya makubwa!" Bibi Xiang alimcheka siku ya kwanza. "Mumeo anakufukuza kwa sababu anakuheshimu wewe! Ungenipa mimi mwanamume wa namna hiyo, ningelala hapo hapo ngazini." Kisha akamwona usoni, akaacha kucheka. Akaketi naye ngazini.

Majira ya kupukutika majani, wakaenda Dazu kutazama sanamu zilizochongwa kwenye jabali. Tingguang alisisitiza zikatwe tiketi tatu, moja ya mkewe, endapo angewahi kufika. Walipita mbele ya Buddha aliyelala, wakafika kwenye mchongo wa mama anayelala upande uliolowa ili mtoto wake alale pakavu. Hapo ndipo Suqiong alipokuwa akiwaliza watalii kwa sauti yake. Safari hii alizikunja na kuzikunjua tu zile tiketi tatu.

Tingguang akamgeukia. "Dada mwongozaji, wewe una mume?"

"Ninaye."

"Sikukuu kama hizi, anakula na nani?"

Suqiong alitazama jiwe. "Peke yake."

"Ah, hapana. Hapana." Mzee alifadhaika kweli, akaanza kumsukuma kwa kiganja mgongoni. "Nenda nyumbani. Niache mimi, nitajua njia. Nenda ukakae naye, anakusubiri huyo, hata kama hasemi."

"Nakwenda, Mzee Pu. Niko njiani."

"Basi fanya haraka!"

Akatangulia yeye, mzee aliyekuwa akipumzika kila baada ya hatua chache, akashuka mbiombio mpaka kituoni huku Suqiong akimkimbilia. Ndani ya basi hakutulia. "Dereva, kanyaga mafuta! Mwongozaji wetu anasubiriwa na mumewe." Abiria wakatabasamu. Mmoja akamwambia Suqiong, "Una mteja mwema, shangazi." Suqiong alifunika uso kwa kofia, akalia mpaka wakaingia mjini.

Baridi ilipofika, Tingguang aliacha kumuulizia mkewe. Hakuna aliyejua ni siku gani hasa. Suqiong aligundua tu, wakiwa wanashuka kwenda sokoni, kwamba mumewe amempa mkono mwenyewe, kama ambavyo angempa mtu yeyote. Ule mkono alioukosa miezi yote hiyo ulikuwa ndani ya wake, na hakuna mke tena kichwani mwa mzee wa kuonewa wivu. Alimrudisha nyumbani, akajifungia jikoni. Bibi Xiang alisema baadaye kwamba hata kwenye mazishi Suqiong hakulia vile.

Mazishi yalikuwa kabla ya majira ya kuchipua, kifua kilipombana Tingguang kisimwachie. Wen alikuja kutoka Shenzhen. Alipokuwa akikunja nguo za baba yake, Suqiong akamuuliza habari ya ile homa.

"Naikumbuka kidogo," Wen akasema. "Alikuwa anaimba huku anapanda ngazi, ili nisisinzie. Hakujua kuimba, mama." Akashika soksi moja kwa muda mrefu. "Alinikataza nisikuambie."

Wen alimsihi mama yake ahamie kwake. Suqiong alikataa, akabaki na nyumba yake na ngazi zake. Sasa asubuhi hushuka kununua mboga, na huko chini vikundi vya watalii humpita. Juzi msichana mmoja mgeni alimsimamisha, akamuuliza kwa heshima gari la waya linapandiwa wapi.

"Sijui, mwanangu," Suqiong akamjibu, yeye aliyeijua njia hiyo hata gizani, akavuka barabara kurudi nyumbani na kikapu chake.